Uliza Ujibiwe: Mzee wa Kanisa, Kapu la Sadaka na Beseni la Alhamisi Kuu

Safari hii tumefungua barua za magharibi, za Kigoma na Tabora. Wengi mmeuliza juu ya vyeo kanisani: nani anastahili, nani kang'ang'ania, nani anashika hela. Tulipozipanga mezani tuliona barua karibu zote zina swali moja chini yake, kwamba mtu anajijua kuwa nani kabla hajapewa cheo. Tutalirudia mara kadhaa, mtuvumilie. Aya tulizonukuu ni za tafsiri ya Biblia ya Union.

Nimechaguliwa mzee wa kanisa, nimekataa mara mbili

*Bwana Yesu asifiwe. Ni mama wa miaka 41, naanika na kuuza dagaa Kibirizi, Kigoma. Elimu yangu ni darasa la saba. Nimechaguliwa mzee wa kanisa nikakataa, wakanirudia, nikakataa tena. Naona sistahili kukaa meza moja na walimu na mabwana afya. Mchungaji anasema huo ndio unyenyekevu wenyewe. Mume wangu anasema ni woga. Nani yuko sahihi?*

Ameni, mama. Mume wako amekaribia zaidi.

Soma Yohana 13 polepole, hasa aya ya 3, ambayo wahubiri wengi huiruka wakikimbilia beseni ambalo Yesu aliwaoshea wanafunzi miguu. Kabla Yesu hajashika kitambaa, Yohana anaandika kwamba alijua Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu. Ndipo akaondoka chakulani, akajifunga kitambaa kiunoni. Aliinama kwa sababu alijijua. Tazama pia Luka 3:22. Alipobatizwa, sauti kutoka mbinguni ilimwambia, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe," hata hajatenda muujiza mmoja wala hajahubiri popote. Na shetani alipomjia jangwani alianzia papo hapo: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu..."

Kusema "sistahili" si kosa. Kosa ni kulifanya neno hilo mlango wa kutokea. Musa alitoa visingizio vitano katika Kutoka 3 na 4, na cha tano kilipotoka mdomoni hasira ya Bwana ikawaka juu yake. Huyo huyo ndiye Hesabu 12:3 inamtaja kuwa mpole kuliko wanadamu wote. Upole wake ulionekana akiwa kazini, baada ya kuacha kukataa.

Halafu, mama, mtu anayevunja dagaa mmoja kwa vidole akajua kama gunia zima litafika salama au litaota ukungu njiani, anayekumbuka bila daftari nani alikopa sado ngapi mwezi uliopita, asituambie kwamba hajui hesabu wala watu.

Kabla hujakubali, waulize mambo manne na uombe majibu kwa maandishi: kazi zako ni zipi, muhula ni miaka mingapi, unawajibika kwa nani, na vikao ni lini. Hilo la mwisho ulisimamie. Kama baraza linakutana usiku ambao wavuvi wanaingia ziwani na wewe alfajiri unapokea mzigo, utakosa vikao vitatu mfululizo na watu wataanza kusema mama yule hana moyo. Waambie vikao viwekwe siku za mbalamwezi kali, ambapo taa hazivuti dagaa na mwalo umetulia. Baraza likikataa hata kulijadili hilo, utakuwa umeshajua ni baraza la namna gani.

Miezi 3 ya kwanza usitoe pendekezo kubwa. Omba orodha ya kaya zako. Zikiwa 15, tembelea 2 kila wiki na katika wiki 8 umezimaliza. Kila kaya iandikie mstari mmoja: nani mgonjwa, nani hajaonekana ibadani, mtoto gani hajabatizwa. Wazee wapya wengi huharibikiwa kwa kuanzia mbele, kwenye kiti na maikrofoni, na kaya wakazijua kwa kusimuliwa.

Sadaka inahesabiwa nyumbani kwa mchungaji

*Tuko kijijini, wilaya ya Urambo. Mchungaji huondoka na kapu, wanahesabu usiku yeye na mkewe, Jumapili inayofuata anasoma jumla. Hatusemi kaiba. Ila mwaka huu malipo ya tumbaku yalipotoka watu walitoa vizuri, na kilichosomwa kilikuwa kidogo kuliko tulivyotarajia. Sasa ni minong'ono. Tumwambieje bila kumvunjia heshima?*

Msianze na kiasi. Hamna ushahidi wa kiasi, na mkianzia hapo mtakuwa mmemwita mwizi hata mkitumia maneno ya asali. Anzeni na utaratibu, kwa kuwa utaratibu huo unamkinga yeye kabla ya kuwakinga ninyi.

Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, na sababu akaitaja wazi: mtu asije akawalaumu katika habari ya mchango ule, maana walitaka kutenda mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama mtume aliona haitoshi Mungu peke yake kujua, mchungaji wa mtaa asione aibu.

Utaratibu wenyewe haugharimu zaidi ya bei ya daftari. Ibada ikiisha tu, kabla watu hawajatawanyika, kapu liwekwe kwenye meza ndani ya kanisa, mlango wazi. Wahesabu wawe watatu, wasiwe wa ukoo mmoja, na wabadilike kila mwezi. Mhazini asiwe mmoja wao, kwa sababu kazi yake ni kupokea kilichokwisha kuhesabiwa. Mchungaji naye asiguse. Akitaka, aketi pembeni asalimiane na watu.

Tengeni noti kwa aina, mhesabu, kisha mtu wa pili ahesabu tena bila kuambiwa jibu la wa kwanza. Ukurasa wa daftari uonekane hivi: noti za 10,000 ni 14, sawa na 140,000, za 5,000 ni 22, sawa na 110,000, za 2,000 ni 31, sawa na 62,000, za 1,000 ni 47, sawa na 47,000. Sarafu za 500 ni 38, yaani 19,000. Za 200 ni 25, yaani 5,000. Za 100 ni 40, yaani 4,000. Za 50 ni 20, yaani 1,000. Jumla 388,000. Wahesabu wote watatu wanasaini, mhazini anasaini kupokea, na jumla inatangazwa papo hapo kwa waliobaki. Fedha ziende benki au kwa wakala siku ya kazi inayofuata, stakabadhi ibandikwe kwenye ukurasa huo huo. Kuzitoa kuwe kwa saini mbili.

Mambo huharibikia wapi? Mara nyingi ni kwenye kitu kidogo. Mgeni kahubiri, mtu anachomoa 20,000 kapuni ampe nauli kabla ya kuhesabu. Nia ni njema, lakini jumla imeshakuwa ya uongo. Kila kitu kiingie kwanza kwenye daftari, ndipo kitoke kwa hati ya malipo. Pa pili ni simu. Waumini wakituma sadaka kwenye namba binafsi ya mchungaji, hakuna atakayeweza kutenganisha sadaka na hela ya mahari ya mwanawe. Fungueni namba ya malipo kwa jina la kanisa. Pa tatu ni mnada wa mazao. Kuku, mahindi na asali vinapouzwa baada ya ibada, viongozi na familia zao wasinunue mpaka bei imesimama kwa watu wengine. Jogoo aliyekwenda kwa mzee wa kanisa kwa bei ya yai ataongelewa mpaka mavuno yajayo.

Kuhusu kumwendea, Mathayo 18:15 inataka uende kwanza wewe na yeye peke yenu. Aende mtu mmoja anayemheshimu, siku ya kawaida, si Jumapili. Aseme hivi: "Baba Mchungaji, tunaona mzigo huu unakuelemea wewe na mama. Tunaomba tuubebe sisi, ili siku mtu akiuliza, tujibu sisi." Akikubali, yamekwisha, ya nyuma yaacheni kwa wakaguzi wa ngazi ya juu. Akikataa, nendeni wawili au watatu, kisha lipelekeni baraza la wazee liandikwe kwenye muhtasari. Akiendelea kukataa, muhtasari huo upande ngazi inayofuata. Msiisambaze kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Yakifika huko hayarudi.

"Tusije tukaongozwa na wakimbizi"

*Tumsifu Yesu Kristo. Nilizaliwa Ulyankulu, wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Tuna uraia wa Tanzania. Sasa naishi Tabora mjini. Jumuiya yetu iliponipendekeza kuwa katibu, mtu mmoja akasema hayo maneno, wengine wakacheka. Nilinyamaza. Nilidhani ndio unyenyekevu, lakini sijalala vizuri tangu siku hiyo.*

Milele amina, ndugu yetu.

Kunyamaza kwako hakukuwa dhambi, ila unyenyekevu haukukutaka unyamaze. Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alijibu: "Kama nimesema vibaya, iushuhudie ule ubaya; bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hakutukana wala hakurudisha kofi, lakini aliuliza. Paulo naye alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, Matendo 22:25, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi. Kule Filipi alikataa kutolewa gerezani kimya kimya, akataka waliomfunga waje wenyewe. Kutaja haki yako kwa sauti ya kawaida si majivuno.

Upande wa sheria uko wazi. Waliokuja 1972 na watoto wao katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliomba uraia wa tajnisi, wakakubaliwa zaidi ya 162,000, na vyeti vilianza kutolewa 2014. Mwenye cheti hicho ni raia. Lakini hata usingekuwa nacho, katibu wa jumuiya hachaguliwi kwa uraia. Anatakiwa awe mbatizwa, anayeshiriki sakramenti, mwenye sifa njema, anayejua kusoma na kuandika.

Hapa ndipo tunarudi kwenye lile swali la chini. Cheti cha uraia kinakupa haki mbele ya serikali, wala usikidharau. Utambulisho wako wa rohoni umeandikwa kwingine: "Basi tangu sasa ninyi si wageni wala wapitaji, bali ninyi ni wenyeji pamoja na watakatifu, watu wa nyumbani mwake Mungu" (Waefeso 2:19). Aliyekucheka amebatizwa kwa maji yale yale. Akisema wewe ni mgeni ndani ya jumuiya, amejifukuza na yeye.

Tukuonyeshe na jambo ambalo halihubiriwi sana. Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwapa pole. Waliitisha mkutano wakachaguliwa watu saba, na majina yao ni Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Kanisa la kwanza lilikabidhi ghala kwa upande uliokuwa unalalamika.

La kufanya: mwendee aliyesema, nyumbani kwake, mwambie neno lile lilikuumiza. Usipeleke ndugu. Akiomba radhi, usimdai aombe hadharani. Asipoomba, mwone mwenyekiti, umtake jambo moja tu, kwamba katika kikao kijacho atamke kuwa sifa za uongozi ni zile za mwongozo wa jumuiya na si kabila wala asili. Usiondoe jina lako. Na Tabora, ndugu, mji uliokuzwa na misafara, wenye Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu na Waha mtaa mmoja, ni nani hasa hakutoka mahali?

Lazima tumwite "Mtume"?

*Kiongozi wa huduma yetu hapa Gungu anasema tukimwita Mchungaji badala ya Mtume tunapoteza upako. Nina miaka 22. Naomba mwongozo.*

Kijana wetu, fungua Warumi 1:1. Paulo alikuwa mtume kweli, na anajitambulisha hivi: "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Utumwa ndio umetangulia. Halafu soma Mathayo 23:8-12, ambapo Yesu anawaonya wanafunzi wasitafute kuitwa kwa vyeo.

Jina lenyewe halitutishi. Wakatoliki humwita padre wao Baba, Wamoraviani wana wachungaji na maaskofu, na watu hawajaangamia. Angalia kinachotokea usipolitumia jina hilo. Mwite Mchungaji Jumapili moja, kwa heshima zote, uone. Akitabasamu na kuendelea, umepata kiongozi. Ukiitwa pembeni ukatishiwa, fungua 3 Yohana aya ya 9 na 10 umkute Diotrefe: anapenda kuwa wa kwanza, hapokei neno la wengine, anawasema vibaya watumishi wenzake, na anawatoa kanisani wanaowakaribisha ndugu. Ukimwona kiongozi wako na hayo matatu mengine, tafuta kanisa lingine kabla hujaombwa kupanda mbegu ya pikipiki yako.

Kutawadha miguu Alhamisi Kuu bila vurugu

*Mimi ni katekista wa kigango, Kasulu. Mwaka huu Paroko atasali Misa ya Karamu ya Bwana kwetu. Mwaka jana ibada ya kuosha miguu ilikuwa aibu: maji yalimwagika, watu walicheka, waliochaguliwa walikuwa kamati tupu. Tupeni maelekezo ya vitendo.*

Swali zuri, tena watu hawaliulizi mpaka siku imeharibika.

Anza na watu. Hakuna sharti kwamba lazima wawe wanaume 12. Tangu amri iliyotolewa Januari 2016 chini ya Papa Fransisko, wanaooshwa wanaweza kuwa wanaume na wanawake, vijana kwa wazee, wazima kwa wagonjwa. Idadi 12 ni ukumbusho tu. Basi usiwajaze wenyeviti. Chagua bodaboda, mama lishe, mjane, mwenye ulemavu, kijana wa kipaimara, na kama mnaweza, mtu mmoja aliyekosana na uongozi wa kigango akakubali kuja. Waambie wiki 2 kabla, uwaulize faraghani kama wana kidonda mguuni. Mwenye kisukari aliye na kidonda asilazimishwe, naye apewe nafasi nyingine, kama kusoma somo.

Vifaa kwa watu 12: ndoo ya lita 20 yenye maji safi, birika au jagi mbili za lita 2, beseni mbili pana, ndoo tupu ya maji machafu, taulo 12 ndogo, na aproni au kitambaa kirefu cha Paroko. Hesabu lita 1 kwa kila mtu ikiwa mnaosha miguu yote miwili. Maji yawe vuguvugu. Yajaribu kwa kiwiko kama unavyojaribu ya mtoto. Msaidizi mmoja anashika beseni, mwingine anamimina, wa tatu anatoa taulo. Beseni moja inapotumika nyingine inamwagwa. Mwaka jana yenu ilimwagika, tunabashiri, kwa sababu ilikuwa moja na mlifika mtu wa tano haijamwagwa.

Viti viwe benchi fupi, vimepangwa mapema, maturubai au mkeka chini. Ondoeni nyaya za maikrofoni hapo; maji na umeme havipatani. Kina mama wapewe kitenge cha kufunika magoti. Viatu vivuliwe wakati wa wimbo, si Paroko akiwa amekwisha kupiga magoti anamngoja mtu ahangaike na kamba. Kila mtu atachukua kama dakika moja na nusu, kwa hiyo kwaya iandae nyimbo za dakika 18 hivi. Kwaya yenye wimbo mmoja ikimaliza, kimya kinaingia, na vicheko huanzia hapo.

Paroko apige magoti. Kama goti linauma, aketi kwenye kigoda, lakini kichwa chake kiwe chini ya kichwa cha anayeoshwa. Wako wanaosimama na kuletewa mguu juu. Hilo limegeuza Injili kichwa chini miguu juu. Maji yakishamiminwa, afute mpaka katikati ya vidole, maana unyevu ukibaki pale ukivaa kiatu unasumbua.

Pasaka ya mapema kabisa huangukia 22 Machi na ya mwisho kabisa 25 Aprili, kwa hiyo Alhamisi Kuu Kasulu ni mvua na tope jekundu. Watu watataka kuosha miguu nyumbani kwanza. Wataosha tu, hata ukiwakataza. Waache; tope la njiani litatosha.

Wasabato, kwa taarifa yako, hutawadhana miguu wawili wawili kila wanaposhiriki Meza ya Bwana, kwa kawaida mara moja kila robo mwaka, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Waliozoea hivyo hawacheki. Neno lenyewe "kutawadha" wafasiri wa Union walilikuta tayari midomoni mwa watu wa pwani, na hapo Ujiji utalisikia kila siku msikitini kabla ya swala. Unaweza kulieleza kwa dakika moja kwenye mafundisho ya Jumatano. Watu wataelewa kwamba ni maji ya kujiandaa kukaribia, si mchezo wa kuigiza.

Picha: mpiga picha mmoja, mbali, bila mwanga wa kamera. Na ndoo ya maji machafu Paroko aibebe mwenyewe kuitoa nje, kama nguvu anazo.

Mtoto anaitwa Kashindye, mchungaji hataki

*Mwangaluka. Tuko Nzega. Mtoto wetu kafuata mapacha Kulwa na Doto, kwa hiyo bibi kampa jina la Kashindye. Mchungaji anasema ni jina la kimila, mtoto hawezi kubatizwa nalo.*

Mwangaluka. Mtoto habatizwi kwa jina lake. Anabatizwa "kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu" (Mathayo 28:19). Kashindye linasema tu kwamba ametokea baada ya mapacha. Hakuna pepo ndani yake, ni hesabu ya uzazi.

Paulo alikuwa na mwenzake aliyeitwa Epafrodito, jina lililotokana na Afrodite, mungu mke wa Wayunani. Alimwita "ndugu yangu, mtenda kazi pamoja nami, askari mwenzangu" (Wafilipi 2:25), na jina akaliacha lilivyo. Hata Sauli hakupewa jina la Paulo siku ya ubatizo wake. Luka anamtaja kwanza kwa jina hilo katika Matendo 13:9, miaka mingi baadaye. Kwa upande wa Wakatoliki, Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa inakataza tu jina lisilopatana na fikra za Kikristo. Haidai jina la mtakatifu wa Ulaya.

Mkitaka kuongeza jina la Biblia, ongezeni, lakini liwe sawa kwenye karatasi zote. Tatizo tunaloliona sana ni hili: kadi ya kliniki ina Kashindye, cheti cha ubatizo kina Samweli, cheti cha kuzaliwa kina vyote kwa mpangilio mwingine. Mtoto akifika kuomba kitambulisho cha taifa anahitaji viapo. Amueni mpangilio mmoja kabla ya kwenda kuandikisha, muuandike kwenye kipande cha karatasi, na karani anakili hicho hicho.

Nikiacha kwaya itakufa

*Nina miaka 58, mwenyekiti wa kwaya hapa Buhigwe kwa miaka 16. Vijana wanataka uchaguzi. Najua nikiondoka kwaya itakufa.*

Shikamoo, mzee wetu.

Kama itakufa ukiondoka, basi katika miaka 16 hukuilea, uliibeba. Tunasema kwa heshima, na tunajua uliibeba kwa jasho.

Sheria ya Walawi katika Hesabu 8:24-26 ilikuwa hivi: huanza kazi wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 huacha. Lakini hawakufukuzwa hemani. Waliendelea kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi, bila kushika ile kazi yenyewe. Na Musa alimwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano wote akiwa bado hai, Hesabu 27, watu wakaona kwa macho.

Panga miezi 3. Mwezi wa kwanza, uchaguzi. Wa pili, mwenyekiti mpya aongoze mazoezi nawe ukiwa pembeni, umjibu akikuuliza tu. Wa tatu, makabidhiano mbele ya mzee wa kanisa, kwa orodha iliyosainiwa nakala mbili: kinanda na spika zake, idadi ya sare na nani anazo, daftari la michango, muhuri, funguo za stoo, madeni ya studio kama yapo, na namba za siri za akaunti ya kwaya mtandaoni. Hizo za mwisho huwa zinasahauliwa, na kijana aliyefungua akaunti akihamia Dar es Salaam nyimbo zenu zimekwenda naye.

Huko sokoni wakikuita Mwenyekiti, waombe taratibu warudi kwenye jina lako. Litakuuma wiki mbili hivi. Mazoezi ya kwanza ya mwenyekiti mpya usiende. Nenda ya pili, na ukae mstari wa besi.